Sura ya Sita: Mgonjwa Asiyekuwemo

Jina la Pasi hakupewa na wazazi wake. Alipewa na makonstebo wa kituo chake kwa sababu ya mkunjo wa suruali yake, uliosimama wima tangu asubuhi hadi jioni, na kwa sababu, kama walivyosemezana akiwa mbali, alipopita Inspekta huyo hapakubaki kunyanzi. Mwenyewe alilijua na hakulikataa. Hakupenda kukaa kwenye mabenchi ya watu, hakuegemea ukuta, wala hakuanza safari ambayo hakujua itaishia wapi. Asubuhi hiyo aliingia hospitali kuu akiwa na jalada kwapani, na kesi iliyokuwamo ilikuwa imenyooka kama suruali yenyewe.

Kesi ilikuwa hivi. Juzi, katika wodi ya mbele, seremala mmoja mstaafu aliyelazwa kwa maradhi ya kifua alichomwa sindano ya insulini, dawa ya kuteremsha sukari mwilini. Mzee huyo hakuwa na kisukari hata chembe. Kabla kigari cha chai hakijamaliza kupita kati ya vitanda, alikuwa ametota jasho, macho yamemgeuka, akiitwa haitiki. Sasa alikuwa katika chumba cha uangalizi maalumu. Pumzi alikuwa nayo. Fahamu hakuwa nayo.

Aliyemchoma alijulikana. Alikuwa muuguzi wa zamu, mwanamke wa makamo ambaye wagonjwa na madaktari walimwita Dada Mkubwa. Hakukana. Alisema amri ya sindano ilikuwamo kwenye kompyuta ya wodi, chini ya jina la mzee, pamoja na alama ya daktari, na kwamba aliilinganisha na utepe wa mkononi mwa mgonjwa, jina likawa lile lile. Yote hayo Pasi aliyathibitisha kwa macho yake. Lakini Daktari aliapa kwamba amri ile aliiandika kwa ajili ya mzee mwingine kabisa, aliyelala wodi ya nyuma, kitanda cha dirishani. Jina lake hakulikumbuka, maana aliwakumbuka wagonjwa kwa vitanda na maradhi yao.

Hapo, jana, Pasi alifanya jambo ambalo lilimpendeza kwa unyoofu wake. Alikwenda kwenye kompyuta, akaamuru orodha ya wodi ya nyuma, akatafuta kitanda cha dirishani. Mashine ilijibu kwamba kitanda kile kiko wazi. Akaandika jina la seremala. Mashine ikamletea mtu mmoja tu katika hospitali nzima, naye ni seremala. Pasi akamgeukia Daktari, aliyekuwa akimsihi wavuke wakamwone mzee kwa macho, akamwambia mbele ya wauguzi wake kwamba kumtetea mfanyakazi mwenzako ni uungwana, lakini kumzulia mgonjwa ni jinai.

Sababu ya uovu nayo ikapatikana, maana anayetafuta hakosi. Seremala na Dada Mkubwa walikuwa wametupiana maneno wiki ile juu ya mzee kuvuta sigara chooni, na mzee akamwahidi, wodi nzima ikisikia, kwamba atamfikisha kwa wakubwa. Zaidi ya hayo, mgonjwa wa kitanda cha jirani alimsikia mzee akiuliza sindano ile ni ya nini, na Dada Mkubwa akimjibu kwamba ni ya daktari. Pasi akatoa pingu.

Mwanamke yule aliomba jambo moja. Aliomba atolewe kwa mlango wa nyuma, unaopita kwa dobi, kwa kuwa ilikuwa siku ya kliniki na ukumbi wa mapokezi ulijaa watu aliowahi kuwauguza wao na watoto wao.

"Sheria haina mlango wa uani," Pasi alimjibu.

Akampitisha ukumbini. Watu walinyamaza mstari kwa mstari, kama taa zinavyozimwa. Nyuma ya kioo cha mapokezi alikaa karani, binti wa yule seremala, na pingu zilipopita mbele yake alilaza kichwa juu ya meza. Pasi aliliona hilo akalihesabu kuwa ni uchungu wa mtoto kwa mzazi wake.

Leo mwendesha mashtaka alilitaka jalada kabla ya mchana kwisha, ili Dada Mkubwa afikishwe mahakamani kwa kosa la kujaribu kuua. Lilikosekana jambo dogo tu: maelezo ya fundi wa kompyuta kwamba muuguzi ndiye aliyeiingiza amri ile mahali pasipokuwa pake. Ndiyo maana Pasi, akiisha kumsabahi bawabu, alipanda moja kwa moja hadi chumba cha mitambo.

Fundi alikuwa mtu mwembamba aliyevaa sweta la sufi kwa ajili ya baridi ya chumba chake, na aliuzungumzia mfumo wa hospitali kama mfugaji anavyomzungumzia ng'ombe wa maziwa. Alimkaribisha mgeni kiti. Pasi akabaki amesimama.

"Nionyeshe alipoihamisha amri."

Fundi alibonyeza, akasoma, akabonyeza tena. "Hakuihamisha."

"Basi nani aliihamisha?"

"Hakuna mtu."

"Amri haitembei yenyewe, bwana mkubwa."

"Haikutembea amri, Afande. Ametembea mgonjwa."

Pasi alimtaka alieleze neno hilo kwa lugha ya watu. Fundi akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti yake ilivyopungua ushujaa. Mara moja kwa wiki, usiku, mfumo hupekua majalada yake ukitafuta watu walioandikishwa mara mbili, maana wapo wengi: huyu kapoteza kadi, yule kaja na shangazi aliyemtaja vingine. Ukikuta majalada mawili yamefanana katika mambo manne, yaani jina la kwanza, jina la ukoo, tarehe ya kuzaliwa, na namba ya simu ya ndugu, unaamini ni mtu mmoja na unayaunganisha. Usiku wa kuamkia siku ya sindano uliunganisha majalada mawili yenye jina la seremala. Amri ya insulini ilitoka katika jalada la pili, ikajikuta katika la kwanza.

"Kwa hiyo mzee alijiandikisha mara mbili," Pasi alisema, na kalamu yake ikaanza kazi. Njia mpya ilikuwa imefunguka mbele yake, nayo ilikuwa nyoofu: mtu mmoja mwenye kadi mbili, anayechota dawa za hospitali mara mbili, akaziuze nje. Labda muuguzi alikuwa mshirika wake, wakakosana. Alijaza karibu ukurasa mzima kabla ya kuuliza swali alilopaswa kuanza nalo. "Jalada la pili lilisema amelala wapi?"

"Wodi ya nyuma."

"Siku hizo hizo?"

"Siku hizo hizo."

"Mtu mmoja, vitanda viwili. Mfumo wako haukushangaa?"

"Haukufundishwa kushangaa, Afande."

Kalamu ilisimama. Pasi alimuuliza kwa nini jana hakuyasema haya. Fundi alivuta mikono ya sweta hadi ikafunika vidole, akajibu akiutazama ubao wa herufi kwamba jana aliulizwa kama mfumo unaweza kukosea, akasema haukosei, na kwa kweli haukukosea, ulifanya ulichoagizwa. Ulipounganisha majalada ulichagua kitanda kimoja na kukifuta cha pili.

"Kwa hiyo jana nilipoiuliza mashine kama kuna mzee kitanda cha dirishani..."

"Isingeweza kukwambia yupo."

Pasi alifunga jalada bila saini aliyoifuata.

Kutoka wodi ya mbele hadi wodi ya nyuma palikuwa na ushoroba mfupi, kabati la mashuka, na mlango wa kusukuma. Jana hakuupita ushoroba ule. Sasa aliupita, akausukuma mlango, na jambo la kwanza aliloliona ni kitanda cha dirishani na juu yake mzee mrefu, mkavu kama ufito, akinywa maji kutoka kwenye jagi bila kutafuta kikombe.

Muuguzi wa wodi ile, bwana mmoja mpole mwenye viatu vya raba, alimpokea Inspekta kwa wasiwasi. Alipoulizwa juu ya mgonjwa yule alijikuna shingo. Alisema tangu juzi Babu wa Dirishani hayumo kwenye mashine. Walidhani daktari amemruhusu aende nyumbani, na sasa wanamngojea ndugu aje amchukue, lakini ndugu hakuja. Chakula wanampa, kwa huruma. Dawa hawampi, kwa kuwa mashine haimwonyeshi.

"Lakini wewe unamwona," Pasi alisema.

"Ninamwona, Afande."

Mzee alikuwa amekwisha kulimaliza lile jagi na alikuwa akilitazama kwa masikitiko. Pasi alimwamkia shikamoo, akamuuliza jina. Mzee akalitaja, nalo lilikuwa jina la seremala: jina moja la kawaida, ambalo kila mtaa una wenye nalo wawili watatu.

"La pili, Baba?"

"La pili la nini, mwanangu? Nilizaliwa mara moja."

Wagonjwa wa vitanda vya karibu walicheka, na mzee akacheka nao, ila kicheko chake kilikatika mapema kuliko chao. Akaeleza kwa utulivu kwamba kwao mtu hupewa jina moja tu na linamtosha hadi kaburini. Akihitaji kutambulishwa zaidi, wanaomjua watasema anafuga nini na anakaa upande gani wa kilima. Kwao hilo halina taabu. Taabu huanza kwenye madirisha ya ofisi, kwa watu wenye kalamu.

"Kila niendako naulizwa la pili," alisema. "Nikisema sina, mtu hunitazama kama niliyeokotwa. Baba yangu alinipa jina mbele ya watu, kwa heshima, lakini nikifika dirishani naona haya kwa niaba yake."

"Hapa uliandikishwa vipi, basi?"

"Hapa niliazimwa." Mzee alinyoosha mkono wake wenye utepe, akauonyesha kama mtu anayeonyesha saa mpya. "Yule binti wa mapokezi alinipa la baba yake. Nikamwambia, mwanangu, mimi sina cha kukurudishia. Akasema wajina wa baba ni baba, usijali. Una maji huko utokako?"

Pasi hakuwa na maji. Alikwenda mwenyewe kwenye bomba la mwisho wa wodi, akalijaza jagi, na alipokuwa akilijaza alimwagiza muuguzi amwite Daktari mbio na aje na kipimo cha sukari.

Daktari alifika, akamchoma mzee ncha ya kidole, akasoma kipimo na kukunja uso. Aliagiza sindano, akasimama pale hadi ilipochomwa. Kisha akachukua karatasi, akaliandika lile jina moja kwa herufi kubwa na kulibandika ukutani juu ya kitanda. Muda wote huo hakumtazama Inspekta. Alipomaliza ndipo akageuka.

"Afande," alisema kwa adabu, "huyu ndiye mgonjwa niliyemzua."

Pasi alijibu kwamba amemwona. Hakukuwa na jibu lingine lililokuwa kweli.

Aliposhuka kwenda mapokezi alipitia chumba cha uangalizi maalumu, maana kulikuwa na jambo alilotaka kulihakikisha. Msimamizi wa mlango alimthibitishia. Binti wa seremala alikuja mara nyingi, kila alipopata nafasi. Alisimama nje ya kioo. Alikaribishwa ndani na hakuingia hata mara moja. Chakula cha mama yake, aliyekuwa akimkalia mzee ndani, na shuka safi alivipitisha kwa mikono ya wengine. Msimamizi alidhani anaogopa mashine. Pasi alikumbuka kichwa kilicholazwa juu ya meza, na safari hii alikihesabu upya.

Karani alikuwa mwanamke wa umri wa kuolewa, nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni na sauti aliyoizoeza kupita kwenye tundu la kioo. Pasi alimwomba waende chumba cha nyuma, palipohifadhiwa makoti na mafagio. Karani aliingia, akasimama katikati ya mafagio, akafungua mwenyewe vifungo vya mikono ya shati lake kana kwamba ameambiwa.

"Nimetoka wodi ya nyuma," Pasi alisema.

"Hajambo?"

"Sasa hajambo. Alikuwa hapewi dawa tangu juzi."

Hilo hakulijua. Alishika rafu ya makoti. Pasi akangoja, kama alivyofundishwa, maana anayehojiwa akipewa kimya cha kutosha hukijaza mwenyewe.

Alikijaza. Alieleza kwamba mzee yule alifika wiki iliyopita, siku ya msongamano, akataja jina moja. Kompyuta haipokei jina moja. Pasipojazwa pale pa ukoo huandika maneno mekundu na haisogei mbele. Makarani wenzake wana njia zao: huyu hurudia jina lile lile, yule hubonyeza herufi yoyote mara nne ili mradi mstari usonge. Aliwahi kumwona mama mmoja ametoka hapo na utepe wenye herufi zisizosomeka, na hadi anaondoka hospitalini mama yule aliuficha mkono ndani ya shuka. Na siku ile mzee alipokwama dirishani, mtu wa nyuma yake alipaza sauti kwamba apewe la mbuzi wake, foleni nzima ikacheka. Mzee alitabasamu, akainamisha kichwa.

"Alikuwa na jina la baba yangu, Afande. Alisimama pale na jina la baba yangu, na watu wanamcheka. Ningeandika nini? Niliandika kile kinachofuata jina la baba yangu."

"Na tarehe ya kuzaliwa?"

"Alisema alizaliwa mwaka wa nzige. Mashine haijui nzige. Tukikosa tarehe, wazee wote tunawaandika Januari mosi. Baba naye ni Januari mosi."

"Simu ya ndugu?"

"Hakuwa na ndugu mwenye simu. Nikaweka yangu, ile ile iliyo kwa baba."

Basi ikawa imetimia. Kwa mkono wake mwenyewe, na kwa wema, karani alikuwa amemtengeneza baba wa pili aliyefanana na wa kwanza katika kila jambo ambalo mashine iliweza kuliona. Mashine, ambayo haioni kimo wala kitanda wala uso, ikawafanya mmoja.

"Ulijua lini?" Pasi aliuliza.

"Jana. Daktari aliposema mzee wa dirishani, na wewe ukasema hayupo. Nilikuwa nimepanda wodini kuchukua vitu vya baba, nikawasikia. Nikajua mashine imewala wote wawili."

"Na ukaniacha nikampitisha mwenzako kwa pingu mbele ya kioo chako."

Alisema ndiyo.

"Kwa nini?"

"Nikisema, basi mimi ndiye nimemuua baba, tena kwa jina lake. Nisiposema, aliyemuua ni mtu mwingine. Nikachagua awe mtu mwingine."

"Mtu huyo mwingine jana amelala kwenye saruji."

"Najua. Nilimpelekea chai jioni." Sauti iliyozoea tundu la kioo ilipotea, ikabaki nyingine, ndogo. "Alinishukuru. Akaniambia nisikae na yeye, niende kwa mgonjwa wangu. Akamwombea baba dua, Afande, nikaitikia amina."

Akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, vifungo vimekwisha kufunguliwa.

Jana Pasi angeitoa pingu bila kufikiri. Leo aliitazama mikono ile kwa muda, kisha akamwambia aishushe. Alimwambia kwamba ataandika maelezo yake mwenyewe, yote, pamoja na ile chai, na kwamba wenye mamlaka watayapima. Kosa la kuazima jina si lake yeye Pasi kulihukumu, lakini lile la kunyamaza asitegemee atalipunguza kwenye karatasi. Karani akaitikia. Kisha akauliza kama Inspekta naye ataandika.

"Niandike nini?"

"Kwamba uliambiwa yupo mtu, ukaenda kuiuliza mashine."

Alilisema kama mtu anayeulizia fomu iliyobaki, bila ukali. Pasi alimjibu kwamba ataandika.

Aliandika palepale, kwenye rafu ya makoti, kwa kuwa katika chumba kile hakukuwa na meza, na mwandiko ukaenda upande. Kisha akapiga simu mbili. Fundi akaagizwa awatenganishe wazee kabla hajainuka kitini. Akajibu kwamba kuwatenganisha atawatenganisha, ila jalada la mzee wa dirishani haliwezi kuhifadhiwa bila jina la ukoo, basi ajaze nini? Pasi akamwambia ashuke akamuulize mwenyewe, uso kwa uso, na asirudi kwenye mashine mpaka ameona haya kidogo. Mwendesha mashtaka naye akaarifiwa kwamba jalada halitakuja. Alitaka kujua kuna kasoro gani. Pasi akasema kasoro ni mpelelezi.

Kituoni makonstebo walishangaa kumwona akikifungua chumba cha mahabusu kwa mkono wake. Dada Mkubwa alitoka na viatu mkononi, sare yake ya jana imechafuka mgongoni, na cha kwanza alichouliza ni kama mzee ameamka. Pasi alimwambia bado. Akamweleza kwamba yuko huru na kwamba hana kosa, akamrudishia saa na mkoba wake, akamwomba radhi mbele ya makonstebo kwa maneno machache yaliyonyooka. Mwanamke alisikiliza huku akifunga saa.

"Kosa ninalo," alisema. "Yule baba aliniuliza sindano ni ya nini. Miaka yote hii nafundisha wasichana: mgonjwa akiuliza, simama. Sikusimama. Niliisoma mashine, nikamwona yeye ni msumbufu."

Pasi alimfungulia mlango wa gari wa mbele, akaendesha mwenyewe.

Njiani alikusudia kumwambia ni nani aliyenyamaza. Alilianza neno mara mbili na mara zote mbili akalimalizia kwa habari za barabara. Walipoukaribia ukuta wa hospitali alikata kona kuelekea geti la dobi, ambako mvuke ulikuwa ukipanda na mashuka yamening'inia, na hapakuwa na mtu ila dobi mmoja na kikapu chake.

"Mbona huku, Afande?"

"Ni karibu zaidi."

Dada Mkubwa alilitazama geti, akayatazama mashuka. "Jana," alisema, "uliniambia sheria haina mlango wa uani."

Mvuliwa nguo huchutama, wasema wahenga. Lakini hapo palikuwa hapana hata pa kuchutama. Pasi aliirudisha gari nyuma, kinyumenyume hadi barabarani, dobi akiwatazama, akazunguka hadi lango kuu.

Ukumbi ulijaa kama jana, na wengine walikuwa ni wale wale, kwa kuwa waliokosa daktari jana walirudi leo. Wakanyamaza tena mstari kwa mstari. Pasi alisimama pale pale alipopita na pingu. Alikuwa na sauti ya kuamrisha gwaride, na alipoitafuta hakuipata yote.

"Mama huyu," alisema, "jana nilimpitisha hapa amefungwa. Hakustahili. Niliambiwa ukweli na nikaudharau, kwa uvivu wa kuvuka ushoroba mmoja. Aliyekosa ni mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. Bibi mmoja wa mstari wa mbele alisogeza fimbo yake ili Dada Mkubwa apite, akamwambia pole mwanangu, na neno hilo likapokelewa na mwingine, na mwingine, chini chini, hadi ukutani.

Dada Mkubwa hakwenda wodini kwanza. Alikwenda kwenye kioo cha mapokezi, akainama kwenye lile tundu.

"Baba ameamkaje leo, mdogo wangu?"

Karani aliinua uso. Alimtazama muuguzi, kisha juu ya bega lake akamtazama Inspekta, na Inspekta akatikisa kichwa kwamba hapana, hajamwambia. Karani akainuka. Akatoka kwa mlango wa pembeni, akaja upande wa wagonjwa, akasimama mbele ya Dada Mkubwa bila kioo kati yao, akaanza kusema. Pasi hakuyasikia maneno. Aliiona tu mikono ya shati lake, ambayo hadi sasa hakuwa ameifunga vifungo.

Yalikuwa maneno mengi. Yalipokwisha, Dada Mkubwa alibaki amesimama, mkoba begani, uso wake haujafunguka wala haujafungika. Kisha akamshika karani kwenye kiwiko cha mkono, kwa nguvu, kama anavyoshikwa mgonjwa asiyetaka kwenda kupasuliwa.

"Twende ndani ukamwone baba yako," alisema. "Yako na yangu yatangoja, lakini nitakudai."

Wakapita mlango wa kusukuma, wakaenda. Foleni ikageuka na kumtazama Pasi, yeye peke yake sasa, katikati ya ukumbi. Bibi mwenye fimbo alisogea kidogo kwenye benchi. Inspekta alisita, kisha akaenda akakaa pale aliposogezewa, magoti pamoja, jalada mapajani, akingoja habari za seremala kama watu wengine wanavyongoja zamu yao, na mkunjo wa suruali hakuunyoosha.